Picha ya Sidonie kwa Kumi na Sita

Mimi ni mwanamke mwenye wivu, na sitajisafisha. Dada zangu wanajua, majirani wa Majengo hapa Goma wanajua, hata padri aliyekuwa akisikiliza maungamo yangu alijua, maana miaka minane nilimpelekea dhambi ileile moja mpaka akawa anaimalizia yeye kabla sijafika mwisho. Niliwahi kumnunia mke wa fundi cherehani mwezi mzima kwa sababu mume wake alimbebea ndoo ya maji mbele ya watu. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka wa sabini na tano nilimchukia msichana mmoja kwa ajili ya namba iliyoandikwa kwenye daftari, anayenijua hatashangaa.

Mume wangu Zéphirin alikuwa fotografe. Kwenye karatasi za serikali aliitwa Ntirenganya, nami Nyiramahirwe, kwa kuwa miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku na kila Mzairwa alitakiwa kutumia jina la mababu. Nyumbani hatukuitana kwa jina lolote kati ya hayo. Tangu binti yetu azaliwe, yeye aliniita Mama Perpétue, nami nikamwita Papa Perpétue, kama watu wote waliooana.

Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Ukutani tulitundika shuka nyeupe kwa picha za vitambulisho, na kila siku wanaume waliingia wamefunga abacost zao, yale makoti yasiyovaliwa tai, hadi shingoni, wakakaa kwenye kiti, wakakodoa macho kama watu wanaosubiri hukumu. Kamera yetu ilikuwa ya Kijerumani. Zéphirin aliipata kwa mfanyabiashara Mgiriki aliyefungasha virago wakati maduka ya wageni yalipokabidhiwa wenyeji. Aliifuta asubuhi, akaifuta jioni, na katikati aliifunika kwa kitambaa cha flaneli nilichokuwa nimekinunua kwa ajili ya mtoto.

Kila alipopiga picha aliandika kwenye daftari: jina la mtu, mwendo, yaani muda ambao kamera inaachwa wazi, na namba ya diafragma. Diafragma ni tundu lililomo ndani ya lenzi. Lina vipande vyembamba vya chuma ambavyo hukusanyika au kutawanyika mtu anapozungusha pete ya nje, na kwenye pete hiyo kuna namba, kuanzia mbili mpaka kumi na sita. Kwa muda mrefu nilizijua namba hizo kwa kuziona tu. Kazi yangu ilikuwa kuosha picha, kuzianika na kuzikata kingo.

Sidonie alikuja mwezi wa tatu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa wafugaji wa Masisi, na alipanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa ameposwa na Léopold, kijana aliyefanya biashara ya ng'ombe huko Bunagana, naye alitaka picha ya kumpelekea. Sasa niseme ukweli ambao sikuwahi kuusema wakati ule: alikuwa msichana mwenye adabu. Alinisalimu kwa mikono miwili. Aliniita dada. Hilo nalo lilinikera, kwa kuwa mtu mbaya angenirahisishia kazi.

Picha ya kwanza ilipigwa mbele ya shuka. Zéphirin hakuipenda. Alisema uso ule hauwezi kukaa mbele ya shuka, akamwambia arudi siku ya mawingu, waende nje kidogo, njia ya Munigi, ambako mwanga baada ya mvua ni laini. Miaka tisa ya ndoa nilikuwa na uso, na hakuna aliyewahi kuutafutia mawingu.

Picha ya Munigi ilipotoka, niliiosha mimi. Nilitamani iwe mbaya. Nyuma ya Sidonie kuna mawe meusi ya volkano, vichaka, na bila shaka mbuzi wa watu, lakini kwenye picha hapakuwa na jiwe wala mbuzi. Nyuma yake palikuwa na ukungu mweupe, na ndani ya ukungu ule uso wake ulisimama peke yake, safi, unaweza kuhesabu kope. Zéphirin aliikuza, akaitundika mlangoni. Watu waliotoka sokoni walisimama kuitazama. Wanawake walisema huyu Ntirenganya ana mkono, nami nikawachekea huku roho inaniuma.

Mlangoni kulikuwa na picha yangu pia, ndogo, chini kabisa. Nimesimama kando ya ukuta wa nyumba na Perpétue mgongoni. Kila jiwe la ukuta linaonekana. Sufuria zilizoanikwa zinaonekana, hata ile iliyotoboka. Mimi nimo humo katikati kama kitu kimojawapo cha nyumbani.

Siku hiyohiyo nililifungua daftari. Nilipata mstari wangu: Nyiramahirwe, 16. Nikatafuta wa kwake: Sidonie, 2,8. Mtanicheka, lakini kwanza nilifurahi. Kumi na sita kwangu, na yeye mbili na kitu. Niliona kwamba mume wangu alinipimia kwa debe, yule akampimia kwa kikombe. Nilipika maharagwe siku ile nikiimba.

Jioni, kwa kujitia sijui, nilimuuliza Zéphirin namba zile maana yake nini. Yeye akiulizwa habari ya kamera hana ubahili. Alieleza mpaka chakula kikapoa. Namba ndogo ndiyo tundu kubwa, alisema. Kumi na sita ni tundu dogo kama la sindano. Ukifungua mpaka mbili nukta nane, mwanga unaingia mwingi, na lenzi inashika kitu kimoja tu, kile ulichokilenga, vingine vyote mbele na nyuma inaviachilia vipotee. Ukifunga mpaka kumi na sita, mwanga unaingia kidogo, lakini kila kitu kinashikwa sawasawa, cha karibu na cha mbali.

Kwa hiyo yule alifunguliwa, nami nikafungiwa. Kwake dunia nzima ilipotea akabaki yeye, na kwangu hata sufuria iliyotoboka ilipewa haki sawa na mimi. Halafu nikakumbuka jambo la pili lililonikwama kooni tangu mchana. Wateja wote kwenye daftari, mmoja baada ya mwingine, waliandikwa kwa majina ya kitambulisho. Sidonie naye alikuwa na jina lake la kitambulisho, Mukamugema, nalo nililijua.

"Juu ya nini huyu unamuandika jina ya batizo," nilimuuliza, "na miye unaniandika jina ya Leta, ile ya kitambulisho?"

Alitafuna kwanza, akameza.

"Njo jina alinipatia," akasema.

Eti ndilo jina alilopewa na Sidonie mwenyewe. Mtu asiye na wivu angeridhika. Mimi nililala nimegeukia ukuta, na kuanzia hapo nilianza kuhesabu. Mwezi wa nne Sidonie alipigwa picha mara mbili. Mwezi wa tano mara tatu, na mojawapo hakuiomba mtu: Zéphirin alisema alikuwa anamalizia filamu. Zote kwa mbili nukta nane, isipokuwa moja iliyofika mbili. Nilianza kuijua ile pete kuliko nilivyoijua pete yangu ya ndoa. Mlango ukigongwa nilichungulia kwanza mwanga wa nje, maana kukiwa na mawingu moyo wangu ulianza kwenda mbio.

Je, niliwahi kuwakuta pabaya? Hapana. Nilijaribu. Niliwafuata mpaka njia ya Munigi nikiwa na kikapu, eti natafuta kuni. Yeye alikuwa amesimama karibu na kichaka, Zéphirin hatua nne mbele yake, na katikati yao ile mashine. Alimwambia ageuze kichwa kidogo. Ndiyo hayo tu niliyoyasikia. Nikarudi na kuni tatu.

Mahari ya Sidonie ilipangwa mwezi wa saba, huko kwao Masisi. Zéphirin ndiye aliyeombwa kupiga picha, na kazi hiyo si mchezo. Kwa familia zile za wafugaji, picha ya mahari, wao wanasema inkwano, haipigwi kwa ajili ya kupendeza. Ni ushahidi. Wazee wa pande mbili wanasimama, ng'ombe wanapangwa nyuma yao, na kila ng'ombe lazima aonekane rangi yake na pembe zake, ili ndoa ikileta maneno baada ya miaka, picha itolewe kabatini na kila mtu aone ni ng'ombe gani waliovuka kwenda upande wa pili. Zéphirin alijifunza hilo kwa aibu. Alipokuwa bado mgeni wa kazi, alifungua tundu mno kwenye mahari moja ya Rutshuru, wazee wakatoka vizuri, na ng'ombe watatu wa nyuma wakageuka ukungu. Upande mmoja ulisema walikuwa watatu, upande wa pili ukasema ni kivuli tu. Alirudishiwa picha zake mbele ya kanisa.

Siku tisa kabla ya safari alianguka na pikipiki kwenye njia ya Sake. Mkono wa kulia ulivunjika kifundo. Alirudi na plasta mpaka kwenye vidole, akakaa kwenye kiti cha wateja, na nilijua anachowaza. Kamera ile haikutaka mkono mmoja. Nilimwambia atume habari kwao, watafute fotografe mwingine.

Alikataa. Alisema ameahidi.

Basi nikamwambia anifundishe mimi. Msifikiri nilikuwa mke mwema. Nilichotaka ni kwamba siku ile, kati ya jicho la Zéphirin na uso wa Sidonie, niwepo mimi.

Alinifundisha uani. Kwanza aliondoa lenzi akaniambia nichungulie ndani huku nikizungusha pete, nikaona vile vipande vya chuma vikijifunga na kufunguka kama mboni ya paka. Halafu akapanga madumu matatu ya maji juu ya ukuta, moja karibu, moja katikati, moja mbali, akaniambia nilenge la katikati. Hatukutia filamu. Pete ikiwa kwenye mbili nukta nane, dumu la katikati lilikuwa zuri, ningeweza kusoma maandishi yake, na mengine mawili yalikuwa kama yameota manyoya. Nilipozungusha kuelekea kumi na sita, kioo kilizidi kuwa na giza, lakini ndani ya giza lile madumu yote matatu yalijikusanya taratibu yakawa safi. Nilirudia na kurudia. Nilipenda, nasema wazi. Nilielewa kwa nini mtu anaweza kukaa na mashine ile akasahau chakula.

Kisha akanifundisha gharama yake. Ukifunga tundu, mwanga ni mchache, kwa hiyo lazima uache dirisha la kamera wazi muda mrefu zaidi. Kamera ikae kwenye miguu mitatu, na watu wasitikisike, maana atakayetikisika atafutika. Tulizitaja namba kwa Kifaransa, kama alivyozitaja yule Mgiriki: seize ni kumi na sita, deux-huit ni mbili nukta nane.

"Ngombe, unafunga mpaka seize," alisema. "Mariée yeye peke yake, unafungula mpaka deux-huit. Usisahau, Mama Perpétue. Deux-huit."

Alilirudia hilo la bibi harusi siku tatu mfululizo. La ng'ombe alilisema mara moja tu.

Tulipanda Masisi kwa lori. Ilikuwa siku ya mawingu, bila shaka. Ng'ombe walikuwa wanane, wanene, wenye pembe ndefu, na Muzee Védaste, baba yake Sidonie, aliwatazama kama mtu anayesoma barua nzuri. Nilisimamisha miguu ya kamera mbele ya watu mia mbili waliokuwa hawajawahi kuona mwanamke akifanya kazi ile. Pete niliijua. Niliwapiga picha wazee na ng'ombe kwa kumi na sita. Zéphirin alikuwa kando yangu, plasta yake imefungwa shingoni kwa kitambaa, na alinong'ona kwamba ni vizuri.

Baadaye ilikuja picha ya bibi harusi peke yake. Walimsimamisha mbele ya uzio wa zizi, amevaa mshanana mweupe, lile vazi la kufungwa bega moja, na mimi nitakuwa mwongo nikisema hakupendeza. Zéphirin alinionyesha mahali pa kuweka kamera. Halafu akasema ng'ombe wasije wakasukuma uzio, akaenda mwenyewe kusimama nyuma, penye mlango wa zizi, hatua nne nyuma ya Sidonie, pamoja na wachungaji.

Nililenga macho yake. Vidole vyangu vilishika pete. Ilikuwa bado kwenye kumi na sita. Nilipaswa kuirudisha mpaka mbili nukta nane, kitendo cha sekunde mbili. Sidonie alinitabasamia akaniuliza kama amesimama vizuri.

Sikuizungusha. Nilisema moyoni kwamba leo na wewe utapigwa pamoja na mawe, na uzio, na mavi ya ng'ombe. Leo utajua ilivyo kuwa kitu kimojawapo. Nilipunguza mwendo kama nilivyofundishwa, mpaka sehemu ya kumi na tano ya sekunde, nikamwambia Sidonie asipumue, nikabonyeza.

Siku mbili baadaye tulikuwa kwenye chumba cha giza, kile tulichokitenga kwa blanketi nyuma ya studio. Ilikuwa mchana, watoto wanacheza nje. Zéphirin aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa kuwa mkono wake haukuweza kufanya chochote. Niliiweka karatasi ya picha ya bibi harusi kwenye dawa nikalitikisa beseni.

Kwanza yalikuja macho ya Sidonie. Kisha mshanana. Kisha uzio, fito moja moja, kama nilivyotaka. Ng'ombe walitokea, mikia yao imefutika kwa kutikisika. Wachungaji walitokea bila sura, maana walikuwa wanageuza vichwa na kuzungumza. Katikati yao alitokea mtu mmoja ambaye hakutikisika hata kidogo. Alikuwa safi kama jiwe, plasta na kitambaa na kila kitu.

Alikuwa anamtazama Sidonie, mgongo wake. Midomo imeachana kidogo. Miaka tisa niliishi na mtu huyu, nilimzalia, nilimuuguza malaria, na uso ule sikuwahi kuuona, wala siku ya harusi yetu. Ulikuwa uso wa mtu anayeaga bila kuagwa.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokifanya. Alijua mahali pa kusimama. Kwa mbili nukta nane, hatua nne nyuma, angekuwa ukungu. Hakuna jicho la mtu ambalo lingemwona, wachungaji walikuwa wanatazama ng'ombe na watu wote walikuwa wanamtazama bibi harusi. Alikuwa amejitafutia mahali pamoja duniani pa kuuachilia uso wake, na akaniamini nimfungulie.

Na Sidonie? Sidonie kwenye picha ananitazama mimi, anatabasamu kwa adabu, hajui lolote. Hakuwahi kujua lolote. Nilitamani angekuwa mwizi. Mwizi unampigia kelele, majirani wanatoka, unatuliwa mzigo. Sikuwa na wa kumpigia kelele.

Zéphirin aliinuka, akainama juu ya beseni.

"Ulifunga sana," akasema.

"Nilitaka byote bionekane."

Nilingoja akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo miezi mitano, nilikuwa na majibu yamepangana. Angeweza kusema jua lilimpiga machoni. Angeweza kusema mkono ulikuwa unamuuma. Alirudi kuketi kwenye ndoo.

Wiki iliyofuata Muzee Védaste alishuka Goma kuchagua picha. Nilimwekea zote mezani, na hiyo niliificha chini kabisa, lakini mzee wa ng'ombe ana macho. Aliitoa akaishika kwa mikono miwili. Alisema hajawahi kuona picha ya bibi harusi ambayo ng'ombe wote wanane wanaonekana nyuma yake, hata yule mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda. Alisema mama huyu anajua kazi kupita mume wake, akacheka, na Zéphirin akacheka naye. Alitaka tisa, moja kwa kila nyumba ya ukoo, na kubwa moja kwa Léopold.

Tulirudi kwenye chumba cha giza sisi wawili. Nilitia negativu kwenye mashine ya kukuzia, nikawasha taa nyekundu. Kabla sijaweka karatasi ya kwanza, Zéphirin alisema kutoka kwenye ndoo yake, kwa sauti ndogo:

"Mama Perpétue. Pale nyuma, utaweza kufunika kidogo?"

Kufunika ni kazi ya kawaida. Unashika kipande cha karatasi ngumu kwenye ncha ya waya, unakizungusha juu ya mahali usipopataka, mwanga haufiki, na mahali hapo panabaki peupe. Tulikuwa tukiwafutia wateja chunusi kwa njia hiyo. Nilichukua waya. Nilihesabu sekunde kwa sauti, na mkono wangu ukazunguka juu ya uso wa mume wangu, mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi. Kwenye beseni walitoka ng'ombe wanane, wachungaji, na katikati yao moshi mdogo ambao mtu yeyote angedhani ni vumbi la zizi.

Nilipotundika ya mwisho kwenye kamba, maji yakidondoka, alisimama kando yangu. Nilifikiri sasa atasema uongo, na nilikuwa tayari kuupokea, Mungu ni shahidi, nilikuwa tayari kuupokea wowote ule.

"Aksanti," akasema.